Kabla Wimbo Haujavuka Mto Lhubiriha

Siku ya soko pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, simama dakika kumi karibu na kibanda chochote kinachojaza nyimbo kwenye memori kadi. Spika imeelekezwa barabarani, kompyuta kuukuu iko mezani, na kijana mwenye kibanda anawajazia wateja kila kitu: gospeli ya Lhukonzo, lingala ya Kinshasa, Bongo Fleva, mahubiri ya mchungaji wa Nigeria. Mteja kutoka Kasindi, upande wa Kongo, analipa, anachomeka kadi kwenye simu, anavuka daraja la mto Lhubiriha. Kesho yake wimbo uliorekodiwa hapa Bwera, katika chumba chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani ili kuua mwangwi, unapigwa Beni na Butembo.

Aliyeuimba akija kujua husema neno moja: "Wameniibia." Mwulize ana nini cha kuonyesha kwamba wimbo ni wake, atakuambia kila mtu Bwera anajua. Sawa, lakini "kila mtu anajua" ni ushahidi unaoishia darajani. Mara nyingi hata Kasese mjini haufiki.

Makala haya namwandikia huyo mwimbaji, na wenzake: mpiga picha wa harusi, mama anayesaga kahawa na kuifunga kwenye pakiti, fundi aliyebuni mashine, mfugaji wa nyuki mwenye lebo yake. Sheria za kuwalinda zipo. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, ya siri za biashara ya 2009, ya alama za biashara ya 2010, ya viashiria vya kijiografia ya 2013 na ya mali ya viwanda ya 2014. Maandikisho yanayotokana na sheria hizo yanashughulikiwa na ofisi moja ya serikali, URSB, yenye makao Kampala na tawi Mbarara, na maombi mengi siku hizi yanapelekwa kwa mtandao. Kinachotuponza ni kukimbilia karatasi baada ya mwizi kupita.

Pakiti moja, haki nyingi

Chukua pakiti ya kahawa ya kusaga. Tuseme mama mmoja wa Bwera ananunua arabika iliyooshwa kutoka kwa wakulima wa milimani, anaikaanga, anaisaga, anaiuza kwa watalii wanaokwenda mbugani na kwa wasafiri wa mpakani. Kwenye pakiti kuna jina alilobuni na nembo ya ndege. Chini ya nembo kuna picha ya mlima iliyochorwa na kijana wa jirani. Nyuma kuna maelezo mafupi ya jinsi ya kuipika. Kahawa yenyewe ina ladha fulani kwa sababu mama huyo anaikaanga kwa namna aliyofundishwa na mume wake, na hamwambii mtu. Na anatumia kikaango kilichoundwa na fundi wa hapa, kinachozungushwa kwa mnyororo wa baiskeli.

Jina na nembo ni alama ya biashara. Mchoro na maelezo vina hakimiliki. Namna ya kukaanga ni siri ya biashara, na sheria huilinda maadamu mwenyewe anaitunza kama siri. Siku atakapompigia mwandishi wa redio simu na kueleza kila hatua, imekwisha. Kikaango, kama kweli kina kitu kipya, kinaweza kuombewa hataza, ambayo hudumu miaka 20, au cheti cha ubunifu mdogo ambacho hudumu miaka 10 na hakiongezwi. Fundi anaponiuliza afanye nini, humjibu kwa kifupi: asikipeleke kwenye maonyesho wala asiweke video yake kwenye mtandao kabla hajaongea na URSB, kwa sababu kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani huweza kuhesabika kuwa si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni yeye mwenyewe.

Naanza na pakiti kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia yanachanganya mambo haya. Mtu analia kwamba "wameiba wazo langu la kuuza asali kwenye chupa ndogo." Wazo halina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Uganda inasema waziwazi kwamba mawazo hayalindwi. Kinacholindwa ni kazi iliyokwisha kuandikwa, kuchorwa, kurekodiwa, iliyowekwa katika umbo linaloshikika. Jirani yako akiuza asali kwenye chupa ndogo, mshinde kwa asali. Akitumia jina lako na nembo yako, hapo una la kusema.

Jina

Kosa la kwanza na kubwa hapa kwetu ni hili: mtu anakwenda URSB kuandikisha jina la biashara, anapewa cheti, anakitia kwenye fremu, anakitundika dukani, na anaamini sasa jina ni lake. La. Cheti cha jina la biashara kinaeleza tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya kumzuia mtu wa Fort Portal kulibandika jina hilohilo kwenye pakiti zake. Haki hiyo inatokana na alama ya biashara, ambayo huhitaji ombi lingine kabisa, ingawa ofisi ni ileile. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa, na siwalaumu.

Kabla ya kuomba, chagua jina linaloweza kulindwa. "Kahawa Tamu" haifai, maana kila kahawa inajidai tamu. "Kahawa ya Bwera" ni ngumu, kwa sababu maofisa husita kumpa mtu mmoja jina la mahali ambalo majirani zake wote wana haki ya kulitumia. Hii haimaanishi kwamba majina ya mahali hayafiki sokoni kamwe. Jina la mlima wetu wenyewe, Rwenzori, limekaa kwenye chupa za maji zinazojulikana Uganda nzima. Lakini mfanyabiashara mdogo asiye na wakili atapata wepesi zaidi akibuni neno lisilo na maana yoyote kuhusu kahawa, au akichukua neno la Lhukonzo lililo mbali na bidhaa yenyewe. Neno la kubuni linaudhi mwanzoni kwa sababu wateja hawalielewi. Mwaka wa tatu utalishukuru.

Kisha fanya upekuzi. URSB itakutafutia, kwa ada, kama kuna mtu aliyekutangulia na jina linalofanana. Usiagize pakiti 5,000 kabla ya majibu hayo. Nimewahi kuona stoo nzima ya mifuko iliyochapishwa Kampala ikageuka ya kufungia maharage, na mwenyewe hakuwa mjinga, alikuwa na haraka.

Halafu kuna madaraja. Alama ya biashara huandikishwa kwa aina ya bidhaa au huduma, na karibu duniani kote hutumika orodha ya madaraja 45. Kahawa, asali, mkate na vanila viko daraja la 30. Nguo ni la 25. Vinywaji visivyo vileo ni la 32, pombe kali ni la 33. Ukiandikisha jina lako daraja la 30 tu kisha ukaanza kushona fulana zenye jina hilo, fulana hazimo. Madaraja haya ndiyo yanayoeleza kwa nini Mganda anakula rolex kila asubuhi, chapati iliyoviringishwa na mayai, bila kiwanda cha saa cha Uswisi kuja kumkamata mwenye jiko: hakuna anayenunua chapati akidhani amenunua saa. Ndiyo yanayoeleza pia ile ghadhabu ya mwaka 2018 juu ya "Hakuna Matata". Disney waliomba alama hiyo Marekani mwaka 1994 na wakaipata mwaka 2003, kwa mavazi. Watu wengi walidhani sasa Mswahili atalipishwa kwa kusema. Hapana, maneno yetu tunayo. Kilichozuiwa ni kuuza mavazi yenye maneno hayo Marekani. Hata hivyo ghadhabu ile naielewa, na sidhani ilikuwa ya bure.

Ombi likikubaliwa na maofisa, hutangazwa katika gazeti la serikali, na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Zikipita kimya, unapewa cheti. Alama hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha unaiongezea miaka 10, na tena 10, maisha na maisha, maadamu unalipa na unaitumia.

Na kama hujaandikisha? Hujaachwa uchi kabisa. Sheria bado inamkataza mtu kujifanya wewe ili kuwavuta wateja wako. Lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako: lazima uonyeshe kwamba wateja wanalijua jina hilo kuwa ni lako, kwa risiti, picha za duka za miaka iliyopita, matangazo, watu wa kusimama na kusema. Cheti ni ukurasa mmoja. Ushahidi huo ni sanduku.

Jambo ambalo mtu wa Kampala anaweza kulisahau, lakini wa Bwera hawezi: cheti cha Uganda hakivuki mto. Alama za biashara ni za nchi moja moja. Kasindi iko umbali wa kutembea kwa miguu, lakini kisheria ni Kinshasa, maana alama za Kongo huandikishwa huko. Kuna njia ya mkato kwa nchi kadhaa: shirika la ARIPO lenye makao Harare hupokea ombi moja na kulipeleka katika nchi unazozitaja zilizojiunga na Itifaki ya Banjul, Uganda na Tanzania zikiwemo. Kongo haimo. Kwa hiyo kama nusu ya wateja wako wanatoka ng'ambo, piga hesabu mapema kama inafaa kutafuta wakala wa Kongo, na usisubiri mfanyabiashara wa Butembo akutangulie kuandikisha jina lako kule. Anaweza, na akifanya hivyo wewe ndiwe utakayeonekana mwizi.

Wimbo

Kwa wimbo, mambo ni kinyume, na habari ni njema. Hakimiliki haihitaji cheti. Inazaliwa siku wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, nayo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tena inavuka mpaka. Mwaka 2022 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Berne, ambao Kongo imo tangu miaka ya 1960. Nchi za mkataba huo hulinda kazi za wenzao bila kudai ziandikishwe kwanza. Kwa hiyo wimbo wako wa Bwera una mwenyewe hata ukipigwa Butembo. Unaweza kuuandikisha URSB ukitaka, na nashauri uandikishe zile kazi zinazokuingizia pesa, kwa sababu cheti kinarahisisha mabishano. Lakini haki yenyewe ulikuwa nayo tangu studio.

Tatizo la wimbo ni kuthibitisha. Nani alitunga mashairi? Nani tuni? Biti ya nani? Nani alilipia studio? Wimbo mmoja una haki zaidi ya moja ndani yake: mashairi na tuni ni vya watunzi, na sauti iliyorekodiwa ina haki yake ya pembeni, ile wenzetu wa Tanzania waliyoipa jina zuri la hakishiriki. Wabishi wa muziki wa Afrika Mashariki hawajaacha hadi leo kugombana juu ya nani alitunga "Malaika". Fadhili William aliurekodi, Adam Salim akatajwa, wengine nao wakadai, na wimbo ukazunguka dunia nzima ukiimbwa na mastaa. Karatasi moja yenye saini na tarehe, iliyoandikwa siku za mwanzo, ingewaokolea watu wengi jasho.

Basi andika karatasi hiyo. Si lazima iwe ya wakili. Siku ya kurekodi, kabla umeme haujakatika, chukua daftari na uandike: wimbo unaitwaje, umerekodiwa lini na wapi, mashairi ni ya nani, tuni ya nani, biti ya nani, nani amelipa nini, sauti iliyorekodiwa itakuwa mali ya nani, mapato yakija yatagawanywa vipi. Kila mmoja atie saini. Nenda nayo kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) agonge muhuri kama shahidi, kama tunavyofanya tunapouziana shamba. Kama kuna asiyejua kusoma, asomewe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, na aliyemwandikia aandike jina lake na anwani yake kwamba amefanya hivyo. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma inataka hivyo. Piga picha karatasi, jitumie kwa baruapepe. Muombe prodyuza akupe faili zote za kazi kwenye flashi, siyo ule wimbo uliomalizika peke yake, kwani mwizi anaweza kuwa na wimbo lakini hawezi kuwa na sauti yako ukikosea mstari wa pili mara nne.

Kuna kifungu cha sheria ya 2006 kinachowakuta wengi hawajajiandaa. Kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, au uliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huwa ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kwa mama wa kahawa hii ni nafuu: mchoro wa mlima aliomlipa kijana auchore ni wake. Kwa kijana ni somo. Na kwa mwimbaji aliyeombwa na shirika fulani atunge wimbo wa kampeni ya chanjo kwa malipo ya siku moja, ina maana shirika linaweza kuupiga miaka yote bila kumwongezea senti. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga picha za theluji ya Rwenzori kwa agizo la mtu, nikalipwa nauli na chakula, na mwaka uliofuata nikaiona moja kwenye kalenda iliyotundikwa katika duka la saruji. Nilikasirika wiki nzima. Nilipoisoma sheria, nikagundua sikuwa na kesi; nilikosa sentensi moja tu kabla ya kupokea nauli: "picha ni zangu, wewe unaruhusiwa kuzitumia kwa kazi hii." Hata hivyo haki ya kutajwa kuwa mtunzi wa kazi yako hubaki kwako, nayo haina ukomo. Idai.

Kuhusu yule kijana wa memori kadi, nina maoni ambayo wanamuziki wengine hawayapendi. Kisheria anakosea, kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini ni kosa, na sheria ya 2006 inataja kifungo kisichozidi miaka minne. Lakini yeye pia ndiye redio yako Kongo. Kabla ya kumpelekea polisi, nenda kanywe naye chai. Mpe nyimbo zako mwenyewe zikiwa safi, zenye jina lako likitamkwa mwanzoni na namba ya kupokea pesa kwa simu ndani ya maelezo ya faili, na mkubaliane kiasi kidogo kwa wiki, kwa maandishi. Anayekataa hata hilo, huyo ndiye wa kupelekewa barua. Mabaa, hoteli na vituo vya redio ni habari nyingine: jiunge na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya wanamuziki Uganda, kwa sababu huwezi kuzunguka baa zote peke yako.

Mlima ni wa wote

Hakuna anayeweza kumiliki ladha ya kahawa ya Rwenzori peke yake, na haifai aweze. Ila wote pamoja wanaweza. Ethiopia ilionyesha njia: mwaka 2005 iliomba kuyaandikisha Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, wafanyabiashara wa kahawa wa huko wakapinga, na mwaka 2007 Starbucks na serikali ya Ethiopia wakatia saini makubaliano juu ya matumizi ya majina hayo. Wakenya nao walisimama pamoja pale kampuni ya Uingereza ilipotaka kulifanya neno "kikoy" kuwa alama yake. Ombi hilo liliishia njiani mwaka 2008. Sheria ya Uganda ya viashiria vya kijiografia ya 2013 inaruhusu wazalishaji wa eneo kulilinda jina la eneo lao kwa bidhaa ambayo ubora wake unatokana na udongo, mwinuko na mikono ya hapo. Hii ni kazi ya ushirika, vyama kama Bukonzo Joint cha Kyarumba, si ya mtu mmoja. Kabla ya jina, kutakuwa na mabishano marefu juu ya kipimo: kahawa iliyoanikwa chini kwenye vumbi ihesabike au isihesabike? Anayehudhuria mikutano ya ushirika na aliulize hilo kwanza.

Nawe je?

Angalia lebo yako. Ile picha ya kikombe umeitoa wapi? Kama ni kwenye intaneti, ina mwenyewe. Biti uliyoipakua bure huenda ni bure kwa mazoezi tu. Na vile vibanda vya video ambavyo filamu za nje hutafsiriwa kwa sauti nzito inayochekesha kuliko filamu yenyewe, ninavyovipenda mno, vina shida hiyohiyo: kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi. Safisha nyumba yako kabla ya kumshtaki jirani, kwa sababu wakili wa jirani ataanza na pakiti yako.

Ukishaibiwa, usianze na Facebook. Nunua kwanza bidhaa ya mwigaji na udai risiti, au rekodi wimbo ukipigwa, mahali na saa zikijulikana. Ukimtukana mapema ataficha kila kitu usiku huohuo. Peleka barua inayotaja haki yako, ushahidi wako na unachotaka: aache, alipe, au aombe idhini. Wengi huishia hapo, maana wengi walidhani hakuna mwenyewe. Asipojibu, URSB ina kikosi cha polisi cha kushughulikia makosa ya aina hii. Mahakama iwe ya mwisho, kwa sababu ni ghali na ni mbali.

Mama wa kahawa akipata cheti chake atakitundika pale kilipokuwa cha jina la biashara. Vizuri. Lakini miaka 7 ni mirefu, simu hubadilishwa, baruapepe husahaulika, na cheti kwenye fremu hakimkumbushi mtu kwamba muda unakwisha. Achukue ile rangi iliyobaki walipopaka duka, aiandike tarehe ya kuongeza muda nyuma ya mlango wa stoo, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata mjukuu anayetumwa sukari ataiona.